Kina cha rangi: kwa nini picha moja iko safi na ingine iko na mistari



Katika kamati ya wanafunzi kuko mabishano tangu mwanzo wa muhula, na tumeona vema tuyaeleze hapa kama somo, ili kila mtu aelewe mbele ya kuinua mkono siku ya kura. Picha za zamani za shule ziko katika sanduku, na mchwa wamekwisha kula pembe za zingine. Tumepata ruhusa ya kuzipitisha kwenye skaneri. Sasa wengine wanasema tuziweke zote kwa rangi 256 tu, kwanza juu diski iko karibu kujaa, tena juu kwenye kioo cha kompyuta yetu tofauti haionekani sana. Sisi tunasema: neno la diski ni la kweli, lakini neno la kioo si sababu. Tazameni.

Kioo cha kompyuta, ile tunaita ekra, kimejaa nukta ndogo ndogo zimepangwa kama punje za mahindi kwenye gunzi. Nukta moja inaitwa piseli. Wingi wa piseli ni neno moja, kina cha rangi ni neno lingine, na wengi wanayachanganya. Kina cha rangi ni hesabu ya biti ambazo kila piseli imepewa kwa kusema rangi yake. Biti ni kama swichi ya taa: imewaka ao imezimika. Swichi moja inatoa hali 2, mbili zinatoa 4, nne zinatoa 16, nane zinatoa 256. Ukiongeza biti moja, hesabu yote inazidishwa mara mbili.

Mfano wa biti 1 muko nao mkononi sasa hivi. Stensili ya bulteni hii haijui rangi ya kijivu: ni wino ao hakuna wino. Mchoraji wetu akitaka kivuli anapiga nukta nyingi karibu karibu, na jicho linakubali kudanganyika. Kompyuta nayo inafanya ujanja ule ule. Mwaka 1976 Robert Floyd na Louis Steinberg waliandika njia yake: piseli ikikosa rangi yake kamili, tofauti iliyobaki inagawiwa kwa piseli jirani. Kioo cha Macintosh ya kwanza, mwaka 1984, kilikuwa cha namna hiyo, nyeusi na nyeupe tu, piseli 512 kwa 342.

Kwa nini hawakuweka rangi nyingi tangu mwanzo? Si kwa kukosa akili, ni kwa kukosa kumbukumbu. Kamateni kalamu. Kadi ya VGA ya IBM, mwaka 1987, ilikuwa na nafasi ya okteti 262,144 (okteti moja ni biti 8). Picha ya piseli 640 kwa 480 iko na piseli 307,200. Ukipa kila piseli biti 4, unahitaji okteti 153,600, inaingia. Ukizipa biti 8, unahitaji okteti 307,200, haiingii tena. Ndiyo maana kwa ukubwa ule ilionyesha rangi 16 tu, na rangi 256 ilizitoa paka kwenye picha ndogo ya 320 kwa 200. Wanafunzi wa hesabu watafurahi: historia nzima ya vioo iko ndani ya kuzidisha kumoja.

Siku hizi desturi ni biti 24. Nyekundu inapata 8, kijani 8, bluu 8. 256 mara 256 mara 256 ni 16,777,216. Pengine mtu atacheka: nani anaweza kuhesabu rangi milioni kumi na sita? Hakuna mtu. Faida haiko katika wingi, iko katika urefu wa kidato kati ya rangi moja na jirani yake. Fikirini mbingu jioni, bluu inavyopungua polepole mpaka chini. Chukua kioo cha upana wa piseli 1,024, uchore juu yake kijivu kinachotoka kwenye nyeusi mpaka nyeupe. Kwa ngazi 256, kila mstari una upana wa piseli 4, jicho linapita bila kujikwaa. Kwa ngazi 32, kila mstari unakuwa wa piseli 32, na picha inaonekana kama shamba la mlimani lililokatwa matuta.

Biti 16 ni katikati: nyekundu 5, kijani 6, bluu 5. Kijani kimeongezwa moja kwa sababu jicho letu linakisikia zaidi. Lakini kwa kuwa ngazi hazilingani, kijivu kinaweza kupata harufu kidogo ya kijani ao ya waridi.

Sasa tufike kwenye kioo chenyewe. Vile vya zamani, vyenye tumbo kubwa nyuma, vilipokea umeme unaopanda na kushuka bila vidato. Mpaka uliwekwa na kadi. Vile vyembamba ni tofauti. Vingi vya bei ndogo viko na biti 6 tu kwa kila rangi, ni kusema rangi 262,144, kiisha vinabadilisha-badilisha ngazi mbili haraka haraka ili jicho lione ya katikati. Vingine vizuri viko na biti 10, ni zaidi ya rangi bilioni moja. Basi kioo chetu kikikosa kuonyesha tofauti, haimaanishi tofauti haiko ndani ya picha. Kesho itafunguliwa kwenye kioo kingine.

Na rangi 256 zinafanya nini kwa picha ya kwaya? Programu inachagua rangi 256 kwa picha nzima. Majani yanachukua zao, mbingu zao, nguo zao. Nyuso arobaini zinagawana yanayobaki, na vivuli vya ngozi yetu, ambavyo ni vingi na viko karibu karibu, vinageuka madoa. Ukirudisha faili ile kwenye biti 24, unapata masanduku mengi, lakini ndani mwake ni rangi zile zile 256. Picha ya karatasi nayo mchwa watakuwa wamekwisha maliza.

Kwa upande wa diski, tumefanya hesabu. Picha ya piseli 1,800 kwa 1,200, bila kubanwa, kwa biti 24 inakula okteti 6,480,000. Kwa kijivu cha biti 8 inakula 2,160,000, theluthi moja tu. Nyingi za sanduku lile ni nyeusi na nyeupe, na kwazo ngazi 256 za kijivu zinatosha, juu hata kwa biti 24 kijivu safi hakipiti ngazi hizo. Umanjano wa uzee hatuna haja nao. Zile za rangi zipite kwa biti 24, hata kama ni nzito. Madaftari ya majina pia yawekwe kwa kijivu, si kwa biti 1, kwa sababu majina mengine yaliandikwa kwa kalamu ya risasi na yamefifia. Mashine ikilazimishwa kuchagua wino ao hakuna wino, itasema hakuna.

Kura ni siku ya Jumamosi, kiisha masomo.