Ugonjwa wa Muhogo Hupandwa kwa Mkono

Katika nchi ya Kilifi, toka Mtwapa na Kaloleni hata Malindi na Magarini, muhogo ndio akiba ya nyumba. Mahindi yakikauka kwa kukosa mvua, kama yanavyokauka mara nyingi huko Ganze na Bamba, muhogo hubaki ardhini ukingojea kuchimbwa. Kwa hiyo ni hasara kubwa kwa mkulima kuungoja muhogo mwaka mzima, kisha siku ya kuuchimba akaukuta umeoza ndani, haufai kuchemshwa wala kukaushwa kuwa makopa. Wako wasemao kwamba shamba limepatwa na kijicho. Lakini asili ya hasara hiyo yajulikana, na mara nyingi iliingia shambani siku ile ile ya kupanda.

MAGONJWA MAWILI

Magonjwa makubwa ya muhogo Pwani ni batobato na michirizi ya kahawia. Yote mawili huletwa na virusi, ambavyo ni vidogo mno hata havionekani kwa macho. Habari za batobato ziliandikwa mwaka 1894 katika nchi ya Usambara. Michirizi ya kahawia ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtaalamu H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, huko huko Usambara.

Batobato haijifichi. Majani machanga hutoka yakiwa na mabaka ya manjano, hujikunja na kupungua ukubwa, na mmea hudumaa. Mizizi yake huwa midogo na michache.

Michirizi ya kahawia ni adui wa siri. Majani ya juu huweza kuonekana mazuri kabisa, na watu huchuma kisamvu kama desturi. Dalili iko chini, katika majani yaliyokomaa, ambayo hugeuka manjano kwa kufuata mishipa ya jani. Katika sehemu ya shina iliyo bado kijani huenda ikaonekana michirizi ya rangi ya kahawia. Ndani ya mzizi mna madoa ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa, nayo huzidi kadiri mzizi unavyokaa ardhini. Tena majani hayo ya chini huanguka wakati wa kiangazi. Basi mkulima atafutaye dalili mwezi wa Machi, jembe likiwa tayari mkononi, hakuti jani la kumwonyesha.

Haifai kuchanganya magonjwa haya na madhara ya utitiri wa kijani, mdudu mdogo sana akaaye chini ya majani, ambaye katika Afrika ya Mashariki alionekana kwanza Uganda mwaka 1971. Utitiri huleta vidoadoa vya manjano wakati wa ukame, lakini mvua ikinyesha majani mapya hutoka yakiwa mazima. Batobato haiponi kwa mvua.

JINSI YANAVYOENEA

Magonjwa haya yana njia mbili. Ya kwanza ni nzi weupe, wadudu wadogo warukao toka chini ya majani mmea unapotikiswa. Hao hunyonya mmea mgonjwa, kisha huupelekea ugonjwa mmea mzima. Njia ya pili ni kijiti cha kupanda. Kijiti kilichokatwa katika shina lenye ugonjwa hutoa mmea wenye ugonjwa. Hivyo jirani ampaye jirani yake mzigo wa vijiti kwa wema huweza kumpa na ugonjwa pamoja nao. Mahali pa mbali si salama pia: tangu mwaka 2004 michirizi ya kahawia imeonekana ikiharibu mihogo katika nchi za juu za Uganda, ingawa zamani ilihesabiwa kuwa ni ugonjwa wa mabonde na pwani.

Hakuna dawa iponyayo virusi ndani ya shina. Dawa ya kupulizia huua wadudu tu.

MAMBO YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, mashina ya mbegu yachaguliwe mapema, shamba likiwa bado na majani yake ya chini. Kila mmea usio na dalili ufungwe ukambaa ili ujulikane baadaye.

Pili, siku ya kuvuna, mizizi ya kila mmea uliofungwa ikatwe vipande na kutazamwa ndani. Ukionekana hata mzizi mmoja wenye madoa ya kahawia, shina lake lisipandwe, hata likiwa nene na la kupendeza.

Tatu, shamba jipya liwe mbali na shamba la zamani lenye ugonjwa. Mmea utakaoonyesha dalili katika miezi ya kwanza ung'olewe na kuchomwa moto.

Nne, itafutwe mbegu inayostahimili. Wataalamu wa Amani waliuchanganya muhogo na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceará, na mbegu mojawapo waliyoipa namba 46106/27 ilienea Pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso. Kituo cha utafiti cha Mtwapa nacho kimewatolea wakulima mbegu kama Tajirika, Shibe na Karembo. Kibandameno hupendwa kwa utamu wake, lakini hushikwa upesi na ugonjwa. Hata hivyo, kustahimili si kutougua kabisa, na mbegu yo yote yahitaji kuchaguliwa kama ilivyoelezwa.

Tano, aliye na shamba lililokwisha kushikwa na michirizi asiiache mihogo ardhini hata mwaka wa pili. Yafaa avune mara mizizi inapokomaa, aikate sehemu zilizooza na kuzitupa, na zilizo nzima azimenye na kuzikausha vizuri juani. Hapo akiba huhamishwa toka ardhini kwenda ghalani. Virusi vya muhogo havimdhuru mtu.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji macho na subira, na moyo wa kutupa shina baya hata kama vijiti ni haba. Majirani wakipatana kuifanya pamoja, faida huzidi, maana nzi weupe hawajui mpaka wa shamba. Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Lakini katika kupanda muhogo, asiyechagua mbegu ndiye ajipandiaye njaa.