Deki ya Kindi Wasiokwisha

Ukiona mtu amejaza deki yake mazimwi watupu, halafu akabandika kombo juu yake kama kiraka, ujue atashinda kwa bahati tu. Mimi huanzia kwa kamanda: natafuta yule ambaye kombo yake inatembea na kabila lake. Katika Magic: The Gathering, mtindo wa Commander, sijapata anayemfikia Chatterfang, jemadari wa kindi aliyetoka mwaka 2021.

Kila unapopata tokeni yoyote, Chatterfang anakuongezea kindi kwa idadi ileile. Pia ukilipa mana nyeusi moja na kutoa kafara kindi kadhaa, kiumbe unayemlenga anaongezewa nguvu na kupunguziwa ustahimilivu kwa hesabu hiyo. Sasa mlete Pitiless Plunderer, ambaye hukupa Hazina kila kiumbe wako mwingine anapokufa. Kindi mmoja anakufa, Hazina inakuja, na Hazina ni tokeni, kwa hiyo kindi mwingine anazaliwa. Unavunja Hazina, unapata mana nyeusi, unarudia. Viumbe wa wapinzani wanaisha mmoja mmoja.

Plunderer ni haramia, si kindi. Namruhusu. Mgeni anayeendesha mtambo ana haki ya kukaa. Mgeni aliyekuja kujaza nafasi namtoa.

Kumaliza mchezo, wengi hupenda Blood Artist. Mimi namtanguliza Zulaport Cutthroat, kwa sababu kila kifo kinamkata uhai mmoja kila mpinzani. Kila mtu huanza na uhai 40, basi mizunguko 40 inatosha meza nzima.

Usianze mzunguko bila mana nyeusi ya kwanza na kindi mmoja mdogo. Chatterfang mwenyewe ni kindi, lakini ukimtoa yeye kafara mtambo umezimika. Na kama wapinzani hawana kiumbe wa kulengwa? Mlenge kindi yuleyule unayekwenda kumtoa. Shabaha huchaguliwa kabla ya malipo, kwa hiyo uwezo unapotea bure, lakini kifo kimeshahesabiwa. Hapo ndipo wageni wa mchezo huanza kubishana. Jifunze kueleza taratibu.

Kuhusu kadi nyingine 99, ardhi 36 hivi zinanitosha, kisha kadi za kuharakisha mana na za kutafuta, kama Demonic Tutor. Skullclamp isikose: kindi mwenye ustahimilivu 1 akiivaa anakufa papo hapo, nawe unachota kadi mbili. Deep Forest Hermit huleta kindi wanne. Chatterfang akiwepo wanakuwa wanane. Earthcraft na Squirrel Nest ni kombo ya pili, nzuri mno na ya kabila hasa, ila Earthcraft ni ya mwaka 1997, haichapishwi tena na bei yake inauma. Mimi naishi bila hiyo.

Adui mkubwa ni Rest in Peace. Ikiwa mezani, kindi hafi, anaondolewa mchezoni, na Hazina haiji. Weka Nature's Claim na Assassin's Trophy za kuivunja. Zisipokuja mkononi, tegemea Beastmaster Ascension: shambulia na kindi saba kwa pamoja, kila mmoja anaongezewa 5 za nguvu na 5 za ustahimilivu, na hapo huhitaji haramia yeyote.