Ushirikina katika Kinjeketile

Swali linapotaja ushirikina, watahiniwa wengi hukimbilia kuandika kwamba watu walidanganywa, maji hayazuii risasi. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Chunguza maji yanafanya nini tamthiliani. Kabla yake, makabila hayaaminiani na yanamwogopa Mjerumani. Kinjeketile anapotoka mtoni na ujumbe wa Hongo, wanaungana. Maji yameondoa woga. (Vita vyenyewe vya Majimaji vilianza mwaka 1905.) Kisha imani inamponyoka aliyeileta: yeye anataka wasubiri, wafunzwe vita kwanza, wao wanataka kupigana mara moja. Mwishoni, akiwa mfungwa mwenye shaka, anakataa kuyakana maji. Je, huo ni ushirikina? Tetea jibu lako.