Usiuze ng'ombe kwanza

Wadogo zangu wa Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, wa Malaba na wa Tororo mjini, leo nina barua ya binti wa upande wa Kenya. Alipata C katika KCSE, sasa anafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, na baba yake ameazimia kuuza ng'ombe wawili ili asomee digrii ya usimamizi wa biashara. Kwa kuwa chuo kikuu Kenya hudai C+, kuna mjuaji amemwambia avuke tu, Uganda hawaulizi sana. Anauliza: bila digrii nitabeba mafaili ya watu mpaka lini?

Mdogo wangu, hutayabeba milele. Ila usinisikie nikisema digrii haina maana.

Ipo milango ambayo sheria yenyewe imeifunga. Ukitaka kuwa daktari au mhandisi aliyesajiliwa, hakuna njia ya panya. Na huko digrii hukupa hata uhuru wa kuvuka: mwaka 2012 wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia sahihi makubaliano ya kutambuana, na wahasibu walikuwa wamewatangulia mwaka mmoja. Ukitaka ugavana Kenya, lete digrii. Kwa hiyo mwenye alama na nia asisite. Busitema ipo hapo ng'ambo tangu 2007, na Alupe, kwenye barabara ya Malaba, ilipata hati yake ya chuo kikuu kamili mwaka 2022.

Wewe lakini tayari umeshika kazi ya forodha. Waulize wakubwa zako ofisini kilichotokea 2014, Himaya Moja ya Forodha ilipoanza. Kodi ya mzigo wa Uganda ikawa inalipwa ukiwa bado Mombasa, na lori likifika hapa linapita. Mawakala wengi wa Busia na Malaba waliona riziki ikihamia pwani. Kisha 2018 kituo cha pamoja cha mpakani Busia kikazinduliwa, ukaguzi ukawa upande mmoja badala ya mara mbili. Katika mabadiliko ya namna hiyo, anayeumia kwanza ni yule ambaye ujuzi wake wote ni kumjua afisa fulani dirishani. Anayejua kuainisha bidhaa, kukokotoa ushuru na kuingiza hati kwenye mfumo anaweza kuifuata kazi iendako.

Ujuzi huo una cheti chake, kile cha forodha na uwakala wa mizigo cha Afrika Mashariki, kinachoendeshwa na vyama vya mawakala pamoja na mamlaka za mapato. Ni kozi ya miezi, si miaka, na KRA ya Kenya na URA ya Uganda wote wanakitambua. Kwa mtu aliye mpakani, nakiona kina nguvu kuliko digrii ya jumla ambayo hata mwenyewe hujui utaifanyia nini.

Halafu tazama barabarani. Mama anatoka ng'ambo na magunia ya mahindi. Mahindi hayo yamelimwa Uganda, thamani yake haifiki dola 2,000, kwa hiyo kuna utaratibu rahisi wa kumpitisha bila ushuru wa forodha: fomu fupi na cheti cha asili, palepale mpakani. Yeye hajui. Anamlipa kijana wa baiskeli ampitishie vichochoroni, huku roho mkononi akiogopa askari. Wewe unayejua fomu ile una wateja wanaopita mbele yako kila asubuhi, na ofisi ya kuwahudumia ni meza na kalamu.

Mafundi, nanyi msinung'unike kwamba nimewasahau. Kama ulijifunza kuchomelea au kushona kwa fundi Tororo, Uganda kuna upimaji unaotoa hati kwa ujuzi ulioupata kazini. Kenya kuna mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Nendeni mkapimwe. Mkono mzuri usio na karatasi hulipwa bei ya kibarua.

Sasa huyo mjuaji wa "Uganda hawaulizi." Wanauliza sana. Baraza la elimu ya juu la huko, NCHE, huidhinisha kozi moja moja, na mwaka 2023 kulizuka mjadala mkali kuhusu kozi ambazo ithibati yake ilikuwa imepitwa na muda. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kozi hiyo imo kwenye orodha yao, kisha uliza wasimamizi wa elimu ya juu Nairobi kama cheti chako kitatambuliwa utakaporudi nacho nyumbani. Ukipuuza hilo, ng'ombe wataliwa na karatasi itakaa kabatini.

Kwa C yako unaweza kuanza na diploma hapa Kenya, na baadaye, mfukoni kukiwa na chako, uipandishe hadi digrii. Umri hautakukatalia.

Kaa na mzee jioni, mpe chai, mwambie kwa heshima kwamba nia yake umeiona na unamshukuru. Kisha mwonyeshe karo ya cheti cha forodha kando ya karo ya miaka minne. Kwa hali uliyonieleza, mwaka huu mimi nachagua cheti. Ng'ombe wabaki zizini.