Vumbi la Mkonge na Kifua cha Mfanyakazi

Tangu mwaka 1893, Dkt. Richard Hindorf alipoingiza mkonge na kuupanda Kikogwe, Pangani, zao hilo limekuwa ajira ya vizazi vingi katika pwani ya Tanga, Kata ya Kigombe ikiwemo. Hata hivyo, kazi ya kuandaa singa huambatana na hatari ambayo wengi wameizoea, nayo ni vumbi.

Hatari hiyo hailingani katika hatua zote za kazi. Kwenye korona majani husagwa yakiwa mabichi na kwa maji mengi, hivyo vumbi huwa kidogo. Singa zikishaanikwa na kukauka hupelekwa kwenye mashine za brashi, kisha hufungwa robota. Hapo ndipo vumbi hupaa hewani. Chembe kubwa hunaswa puani, lakini zile ndogo sana, ambazo jicho halizioni, hufika ndani ya mapafu.

Dalili zake ni chafya, pua kuziba, kikohozi kikavu na kifua kubana. Ipo alama moja ya kuzingatia: mfanyakazi aliyepumzika Jumapili hubanwa kifua Jumatatu anaporudi kazini, kisha hupata nafuu kadiri wiki inavyoendelea. Nafuu hiyo isimdanganye. Hali hiyo huitwa bisinosi, na hujulikana pia katika viwanda vya pamba. Ikiachwa kwa miaka mingi, pumzi yaweza kupungua moja kwa moja. Uvutaji wa sigara huzidisha madhara.

Si kila kikohozi ni cha vumbi. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, akipata homa, jasho la usiku au kupungua uzito, hana budi kupimwa kifua kikuu mapema. Vilevile, si vyema mgonjwa wa vumbi kutibiwa kwa kukisia. Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliwahimiza matabibu wenzake wamwulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Mkazi wa Kigombe asisubiri swali hilo. Afikapo zahanati, aeleze kazi yake, sehemu anayofanyia, muda aliofanya na siku ambazo kifua humbana zaidi.

Kinga bora huanzia kwenye chanzo: mitambo ya kufyonza vumbi karibu na mashine, madirisha ya kutosha, na kunyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia. Barakoa maalumu huja baada ya hayo. Kitambaa cha kujifunga usoni hakizuii chembe ndogo. Nguo za kazi zibadilishwe kabla ya kurudi nyumbani, ili vumbi lisiwafikie watoto.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kuwakinga wafanyakazi na kuhakikisha wanapimwa afya. Usimamizi wake uko chini ya OSHA. Aliyethibitika kuugua kutokana na kazi anaweza kudai fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huchangiwa na mwajiri pekee. Hivyo kumbukumbu za matibabu zitunzwe.

Tahadhari hizi zinawahusu pia wanaosaga pilipili manga, mdalasini na karafuu za milima ya Usambara. Kila vumbi kavu livutwalo siku baada ya siku lina gharama yake, na kifua kilichodhoofika ni vigumu kukirudisha kilivyokuwa.