Mzigo wa Kazi na Moyo wa Mfanyakazi

Katika somo hili twataka kuangalia jambo liwapatalo watu wengi, nao hulificha kwa kuona haya, yaani kulemewa na kazi. Siku hizi huitwa msongo wa kazi. Mtu hana kidonda wala homa, lakini usiku hapati usingizi, mchana hukasirika kwa neno dogo, na kazi aliyoipenda humchukiza. Jirani husema, "Amekuwa mvivu." Mara nyingi si uvivu, bali mzigo umepita kipimo.

Tutazame Miteja, katika Wilaya ya Kilwa, kando ya njia kuu iendayo Lindi. Mkulima hushika jembe mchana, na mahindi yakikomaa hukesha dunguni akifukuza nguruwe. Mama hutoka shambani jioni, na kazi ya maji na kuni yamngoja. Muuguzi wa zahanati akiwa peke yake, huamshwa usiku, na asubuhi wagonjwa wamekwisha panga mstari. Tena mwezi wa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata njia kuu katika wilaya hiyo, madereva na wachuuzi walikwama wasiweze kufanya lolote.

Je, ni uzito wa kazi tu umvunjao mtu? Habari za kale za nchi hiyo zatufundisha zaidi. Tangu mwaka 1902 serikali ya Wadachi iliwaamuru watu walime mashamba ya pamba kwa amri ya maakida na majumbe. Wamatumbi, wakaao milimani upande wa bara, walikuwa hodari wa jembe tangu zamani, wala hawakuogopa jasho. Lakini sasa walilimishwa bila hiari, kwa fimbo, huku mashamba yao wenyewe yakikosa mikono. Mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete waliing'oa pamba, na hapo Vita vya Maji Maji vilianza. Viliendelea hata mwaka 1907, na watu wengi mno walikufa, hasa kwa njaa. Jembe lilikuwa lile lile. Kilichowavunja moyo ni kufanya kazi pasipo neno lao kusikiwa, wala faida yake kuwafikia.

Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, Robert Karasek, alieleza jambo lililo karibu na hilo: alemewaye kuliko wote ni yule atakiwaye mengi, asipewe nafasi ya kuamua lolote katika kazi yake. Basi, yatupasa kufanyaje?

Kwanza, tupumzike kwa kipimo. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 yaweka saa 45 za kawaida kwa juma, pumziko la saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Wala si anasa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalionyesha kwamba wafanyao kazi saa 55 au zaidi kwa juma wamo katika hatari ya kiharusi iliyozidi kwa sehemu 35 katika 100, kuliko wafanyao saa 35 hata 40. Lakini mkulima na mama wa nyumbani hawana msimamizi wa kuwapa likizo. Wajiwekee wenyewe siku yao, na watu wa nyumbani waiheshimu.

Pili, tugawane mzigo. Yethro alipomwona Musa akiamua watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, hakumsifu kwa bidii yake, bali alimwonya kwamba atachoka kabisa, akamshauri achague wasaidizi. Hata shambani ni hivyo. Majirani wanne wakilinda kwa zamu, kila mmoja hukesha usiku mmoja na kulala tatu.

Tatu, tuseme mapema, kwa adabu na kwa neno lililo wazi. Asemaye, "Nimechoka," husikiwa nusu. Asemaye, "Nipe msaidizi siku ya mnada," aweza kujibiwa. Pombe haiondoi mzigo, huuahirisha hata kesho na kuuongeza. Na mtu akikosa usingizi majuma mengi, au akiona maisha hayana maana, asiachwe peke yake. Aende kwa mganga wa hospitali, na ndugu amsindikize.

Neno la mwisho ni kwetu sisi tuwaamuruo wengine, tukiwa wazee, walimu au wenye nyumba. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Begani kwa mwingine huonekana mwepesi. Kabla ya kuongeza kazi, tumwulize aichukuaye, nasi tungoje jibu lake.

Maswali ya kuzungumzia:
1. Ni dalili zipi za mtu aliyelemewa na kazi?
2. Kwa nini Wamatumbi waliozoea jembe walivunjwa moyo na pamba?
3. Katika nyumba yako, ni nani asiye na siku ya kupumzika? Ni kazi gani yake waweza kuichukua wewe juma hili?