Kengele Ikilia, Nani Ataamka?
Vihisi vya nyumbani kwa familia zinazoishi na mtu mwenye demensia

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mlezi ambaye usiku kucha hulala usingizi wa mang'amung'amu. Mlango ukigonga, anaamka. Mama akikohoa chumbani, anatega sikio kujua kama ameshuka kitandani. Mara nyingi mlezi huyo ni binti au mkamwana, na kukipambazuka anasubiriwa kazini au sokoni kama mtu aliyelala vizuri. Siku hizi kuna vifaa vinavyoweza kumpunguzia mzigo huo. Tunataka familia ijue vinavyofanya kazi, vinaposhindwa, na jambo linalopaswa kuamuliwa kabla ya kwenda dukani.

Demensia, ambayo majumbani tumezoea kuiita ugonjwa wa kusahau, ni maradhi ya ubongo. Si laana, si uchawi, wala si uzee wa kawaida. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wana Alzeima. Wengine ubongo wao umeharibiwa na kiharusi au shinikizo la damu la muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Utafiti uliofanywa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikadiria kuwa karibu watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana hali hiyo. Hakuna kifaa kinachoiponya.

Kihisi kinafanyaje kazi

Ile taa ya nje inayowaka yenyewe mtu akipita getini ina kihisi ndani yake. Kinapokea joto linalotoka mwilini, na joto hilo likisogea mbele yake, taa inawaka. Hakipigi picha wala hakirekodi sauti, na hakijui aliyepita ni nani. Kihisi cha mlango ni rahisi zaidi: kipande chenye sumaku kinabandikwa kwenye mlango na kingine kwenye fremu, na vikiachana, taarifa inatumwa. Kuna mkeka unaotandikwa kando ya kitanda, unaopiga kengele ukikanyagwa. Kuna pia kifaa kinachowekwa chini ya godoro, kinachopima kupumua na mapigo ya moyo na kuonyesha kama mtu yuko kitandani au ameondoka.

Kifaa kimoja peke yake kinasema jambo dogo. Vikiunganishwa, mazoea ya mtu yanaanza kuonekana: anaamka saa ngapi, anakwenda msalani mara ngapi usiku, amekaa kwa muda gani bila kuingia jikoni. Faida kubwa imepatikana hapo.

Waliloliona Surrey

Katika jimbo la Surrey, kusini mwa Uingereza, huduma ya afya ya umma na Chuo Kikuu cha Surrey walianza mwaka 2016 kufunga vihisi katika nyumba za watu wenye demensia. Viliwekwa vihisi vya mwendo na vya milango, plagi zinazopima kama birika la umeme limewashwa, na vipimo vya shinikizo la damu na joto la mwili. Kazi hiyo iliendelezwa baadaye pamoja na Imperial College London. Mwaka 2023 watafiti walitoa hadharani data kutoka nyumba 56, jumla ya siku 2,803, ili wengine nao wazichambue.

Jambo moja waliloshughulikia linastahili kujulikana na kila mlezi, hata asiye na kifaa chochote: maambukizi ya njia ya mkojo. Mtu mzima mwenye akili timamu atasema anaungua akikojoa. Mwenye demensia huenda asiseme, au asijue kuwa hilo ni jambo la kusema. Badala yake halali, anakwenda msalani kila mara, anakuwa mkali, anaona vitu visivyokuwepo, halafu anaanguka. Ndugu wanasema ugonjwa umezidi, kumbe ni maradhi yanayotibika kwa dawa za kawaida.

Vihisi vya Surrey havikuwa na njia ya kuona bakteria. Vilichoona ni kwamba mtu aliyezoea kwenda msalani mara moja au mbili usiku sasa anakwenda mara nyingi, na usingizi wake umekatika vipande vipande. Programu ya kompyuta iliyofundishwa mazoea yake ikatoa tahadhari; mhudumu akapiga simu nyumbani, akauliza maswali, na ikibidi mkojo ukapimwa. Tunausisitiza mnyororo huo, kwa sababu kifaa kilikuwa pete yake ya kwanza tu. Bila mtu wa kupokea tahadhari na mwingine wa kwenda kumwona mgonjwa, data zile zingebaki kwenye kompyuta na mgonjwa angeanguka vilevile.

Nyumba zetu ni tofauti

Matangazo ya vifaa hivi hayasemi jambo hili. Nyumba nyingi zilizofungiwa vihisi Uingereza zilikuwa na mtu mmoja au wawili. Kihisi kikisema mtu ameingia jikoni, si vigumu kukisia ni nani. Nyumba zetu zina wajukuu, dada wa kazi, mgeni aliyefika jana na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Kihisi cha mwendo sebuleni kitapiga kelele kutwa, na baada ya wiki moja mtakizima. Hata birika halitufai sana. Japani, kampuni ya Zojirushi ilianza mwaka 2001 kutoa birika la umeme linalowajulisha ndugu walio mbali kwamba limetumika, na wazo hilo linawafaa wazee wanaoishi peke yao na kuchemsha chai kwa umeme kila siku. Kwenye jiko la mkaa au gesi, linalopikiwa na watu wanne, halitaambia familia lolote.

Kwa hiyo wekeni kihisi mahali na saa ambapo mtu anayesogea ni yeye peke yake: kando ya kitanda chake usiku, na mlango wa nje baada ya wote kulala. Vifaa viwili hivyo vinatosha familia nyingi. Tena anzeni na vya bei ndogo. Taa ya kihisi kwenye njia ya kutoka chumbani hadi msalani husaidia kuzuia kuanguka kila usiku, wala haihitaji intaneti. Kengele ndogo iliyofungwa mlangoni ni bora kuliko mtambo wa bei kubwa unaozimika umeme ukikatika. Mkinunua kinachotuma ujumbe kwa simu, ulizeni betri yake inadumu siku ngapi, na nani atakuwa anaweka salio.

Akitoka nyumbani

Polisi wa Japani walipokea mwaka 2023 taarifa 19,039 za watu waliopotea wakiwa na demensia au wakidhaniwa kuwa nayo. Mtu kama huyo kwa kawaida ana safari akilini mwake: anarudi kazini alikostaafu zamani, au anakwenda kwa mama yake. Kifaa cha GPS kinaweza kuonyesha alipo, mradi kiwe na chaji, kipate mtandao wa simu, na yeye awe amekivaa. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Saa mpya ya mkononi ataivua, kwa kuwa haijui. Mwaka 2014 kijana wa New York, Kenneth Shinozuka, alipata tuzo kwa kihisi kinachobandikwa kwenye soksi, alichokibuni kwa ajili ya babu yake aliyekuwa akiamka usiku na kutangatanga. Fuateni fikra hiyo: tafuteni kitu ambacho mzee wenu hatoki bila kukivaa, iwe viatu, kofia au mkoba, na kifaa kikae humo.

Msimfungie ndani kwa kufuli. Moto ukizuka, hatatoka.

Heshima yake

Mweleze mapema, wakati bado anaweza kuamua. Mwambie, "Baba, tunataka kuweka kitu hiki mlangoni ili ukitoka usiku tukusindikize," kisha msikilize. Akikataa, rudini kwenye mazungumzo siku nyingine. Msikifiche chini ya godoro lake. Kamera zisiwekwe chumbani mwake wala msalani kwa sababu yoyote. Video yake akiwa amechanganyikiwa isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hata kama lengo ni kuomba dua. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Muuzaji wa kifaa aeleze data zinakwenda wapi na nani anaziona. Asipoeleza, msinunue. Na nywila iliyokuja na kifaa ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Kabla ya kutoa fedha

Mpelekeni kwanza hospitali apimwe, kwani usahaulifu mwingine hutokana na maradhi ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 au dawa anazotumia, na huweza kutibika. Mabadiliko ya ghafla ya tabia, ya siku moja au mbili, yapelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msisubiri kifaa kiyathibitishe.

Kisha kaeni kikao cha familia, na mzee mwenyewe awepo. Andikeni hatari moja inayowatisha kuliko nyingine zote. Chini yake andikeni majina ya watakaoamka kengele ikilia, usiku kwa usiku, wakiwemo wale wanaoishi mbali, ambao wanaweza kumlipa mtu wa kushika zamu yao. Kama jina lililoandikwa ni moja tu kwa siku zote saba, fedha mliyotenga kwa kifaa itumieni kwanza kumtafutia mlezi huyo msaidizi.